Mwanamume wa Jumamosi

Probox ya Chengo, dereva wao, ilikuwa imekwisha iacha Tezo nyuma ndipo Kadii alipotambua kwamba tangu watoke Mnarani hakuna aliyesema neno. Nyuma ya gari lilikuwamo begi la Curtis, limefungwa kwa kamba ya katani kwa kuwa zipu yake ilikufa wiki iliyopita. Chini ya miguu yake Curtis alikibana kibuyu cha tembo la mnazi kwa viatu viwili, kwa uangalifu wa mtu aliyepewa kumshika mtoto wa mwenzake.

Kesho yake, Jumapili saa nne asubuhi, ndege ingemchukua Malindi kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi aende zake Vietnam, mji wa Da Nang, alikofundisha Kiingereza miaka tisa. Leo ilikuwa siku ya kumwona Mzee Gona, baba yake Kadii, huko Gongoni. Mzee akiupokea mnazi, Kadii angemfuata mwenzake baada ya miezi miwili, makaratasi yakiwa tayari. Akiukataa, basi tena. Kadii alikuwa na miaka thelathini na tatu, ana kazi yake ya maabara na chumba chake cha kupanga, na hapakuwa na mtu wa kumfungia mlango. Lakini alikuwa amejiapia jambo moja: kwao hatoki kwa mlango wa uani.

“Mbona kimya?” Curtis akauliza.

“Nakutazama.”

“Unaona nini?”

“Naona mtu anayetoa jasho na dirisha liko wazi.”

Chengo akacheka huku macho yakiwa barabarani. “Muache bwana, Kadii. Mwambie asihofu. Mdomo ni wangu. Yeye kazi yake ni kukaa na kuonyesha meno.”

“Meno nitaonyesha,” Curtis akasema. “Lakini ukisahau maneno?”

“Mimi? Mimi nimewahi kumtoa mtu faini kwa maneno matupu, askari akanisindikiza na maji ya kunywa.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa mipango yao. Kadii alimweleza Curtis mapema kwamba huku mtu hajiposei. Mwenye kutaka mke hukaa kimya, husemewa na mtu wa upande wake, na mnazi ndio unaofungua kinywa. Curtis hakuwa na mtu wa upande wake bara hili lote. Mama yake alikuwa amekwisha kufa, baba hakumjua, na dada yake mmoja alikuwa Ohio akiuguza wagonjwa zamu za mchana. Akafikiri, akamchagua Chengo. Nani mwingine? Chengo aliwaendesha Jumamosi zote hizo, aliwangoja kando ya bahari akila mahamri, alijua wanapopatana na wanapogombana. Kadii naye akaona ni sawa. Hakuuliza kitu kimoja ambacho bibi yake, kama angekuwa hai, angekiuliza kabla ya jina.

Walikuwa wamejuana miezi saba. Curtis alichukua likizo ndefu bila mshahara, akaja pwani kwa wiki nne kuona matumbawe ya Kuruwitu, wiki ya tatu akashikwa na malaria. Kadii ndiye aliyemtoa damu kidoleni.

“Unaumiza,” alimwambia siku ile kwa Kiswahili cha kitabuni.

“Mtu mzima mzima unalia na kidole?”

“Silii. Natoa habari.”

Wiki nne zikapita, asiondoke. Alipopona alirudi kushukuru, na aliporudi kushukuru mara ya tatu wenzake Kadii wakaanza kumwachia kiti. Alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye mabega ya mpagazi na sauti ya chini. Sokoni Kilifi wauza ndizi walimsemesha Kigiriama, akikosa kujibu wakasema huyu kijana amesoma mpaka amedharau kwao. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi. “Kule Da Nang,” alimwambia Kadii, “vikongwe wananishika nywele, wanaomba picha. Kule mimi ni maonyesho. Hapa mimi ni mtu mwenye adabu mbaya. Napenda zaidi hapa.”

Na Jumamosi zile. Kadii akizikumbuka alihisi joto shingoni. Kuruwitu wakiwa wamelala juu ya maji, nyuso chini, samaki wenye mistari wakipita kati ya vidole vyao vilivyoshikana. Marafa kwenye mabonde ya udongo mwekundu, Curtis akimpa mkono pasipohitaji mkono. Malindi, aiskrimu ya Wataliano ikiyeyuka mpaka kiwiko, naye akimtazama tu bila kula, mpaka Kadii akamwambia kula wewe, mimi sitayeyuka. Njiani Curtis alimsimulia Jumamosi zake za huko: pikipiki ikipanda mlima unaoingia baharini, mji wa kale wenye taa za karatasi, kijiji ambako watu wote huchonga marumaru na hata mbwa wana vumbi jeupe. Kadii hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi. Aliyasikiliza yale kama mtu anayesomewa barua iliyoandikwa kwa jina lake.

Wakavuka Sabaki, wakapita Mambrui, na chungu za chumvi zikaanza kuonekana upande wa bahari, nyeupe hadi macho yakauma.

Mama yake Kadii, Mama Monicah, aliwapokea mlangoni na kitambaa mkononi. Alimtazama Curtis kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kurudi juu, polepole, bila haya.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Katisi, siyo?”

“Curtis.”

“Ndiyo hivyo, Katisi. Inama, mlango wetu haukupimwa kwako.”

Mzee Gona alikuwa ametoka zamu muda si mrefu. Alisimamia mabwawa ya chumvi tangu Kadii hajazaliwa, na nyayo zake zilipasuka mipasuko ambayo mafuta yote ya nazi ya Gongoni yalishindwa kuifunga. Alinawa, akavaa shati la mikono mirefu, akakaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini. Kadii alikaa mkekani karibu na mama yake. Kutoka pale aliuona ubavu wa uso wa Curtis na mshipa uliokuwa ukicheza shingoni. Alitamani kuuwekea kidole.

Salamu zilizunguka. Mvua, barabara, afya. Kisha Chengo akakohoa, akakiweka kibuyu mbele ya mzee kwa mikono miwili, akaanza.

“Mzee wangu, sisi ni wapita njia. Hatukuwa na nia ya kusimama. Ila tumeona moshi unafuka hapa kwako, moshi mzuri, tukasema nyumba yenye moshi wa namna hii haikosi jiko. Na huyu mwenzetu kwake ni baridi.”

“Baridi,” Mzee Gona akasema.

“Baridi sana, mzee. Vyungu anavyo, kuni anazo. Jiko hana.”

Mama Monicah aliinamisha uso kuficha tabasamu. Chengo alikuwa akisema vizuri, hata Kadii alikiri moyoni. Mzee Gona alinyoosha mkono, akaugusa mdomo wa kibuyu, kisha akaurudisha mkono mapajani.

“Umesema maneno ya watu wazima, kijana. Lakini kabla sijaonja maji ya mtu nataka nijue kisima. Wewe ni mwana wa nani?”

“Mwana wa Kiponda, mzee. Kiponda wa Ganze.”

“Kiponda gani? Yule aliyekuwa fundi wa baiskeli?”

“Huyo huyo.”

“Na babu yako ni Mangi. Aliyehama na mbuzi tisa wakati wa njaa.”

“Wewe umemjua?” Chengo akafurahi. “Mzee, dunia ni ndogo.”

“Dunia ni kubwa. Mbari ndiyo ndogo.” Mzee Gona akamgeukia mkewe. “Umesikia?”

Mama Monicah alikuwa amekwisha jifunika uso kwa leso, na mabega yanamtikisika kwa kicheko. Damu ikamwishia Kadii usoni. Ndilo hilo swali ambalo hakuliuliza.

“Mangi na baba yangu ni mbari moja,” mzee akasema taratibu. “Mlango mmoja. Kiponda mimi ni ndugu yangu. Wewe basi ni mwanangu, na huyu Kadii ni dada yako. Haya niambie, Chengo. Umeona wapi mtu akachukua kibuyu, akazunguka nyumba yao, akabisha hodi kwao wenyewe, akamwombea mwenziwe dada yake?”

Chengo alifungua mdomo ule uliomshinda askari. Akakitazama kibuyu.

“Kuna nini?” Curtis akanong’ona.

“Chengo ni kaka yangu,” Kadii akamjibu.

“Tangu lini?”

“Tangu sasa hivi.”

“Baba,” Chengo akajikaza, na neno lile likamtoka kwa unyenyekevu mpya, “mimi nilijua Kadii wa maabara. Sikujua Kadii wa nani. Si kibuyu akinyanyue mtu mwingine tu?”

“Hakinyanyuki. Kilichoingia kwa mkono wa mwana ni zawadi ya mwana. Nitakinywa jioni na wenzangu, na ahsante, nimelea vizuri. Lakini posa hakikubeba.”

Mzee hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuumiza Kadii zaidi. Mtu akiwa na hasira unaweza kungoja ishuke.

“Baba, ndege yake ni kesho.”

“Nimesikia. Ndege si mbari yangu.” Akakivuta kiti mbele kidogo, akamkabili Curtis kwa mara ya kwanza. “Wewe, kwa vile umeshafika, hebu tuzungumze tu kama watu. Huko unakokaa kukoje?”

Curtis akachangamka. Hapo ndipo zilipokuwa nguvu zake, na Kadii alimtazama akikunjua mikono. Akaueleza mlima unaoingia baharini, na mawingu yanayopita chini ya magurudumu. Akaeleza mji wa taa za karatasi.

“Hiyo ya mlima ni siku gani?” mzee akamkata.

“Jumamosi, Mzee.”

“Na ya taa?”

“Jumamosi. Au Jumapili.”

“Na huku pia. Kuruwitu Jumamosi, Marafa Jumamosi, Malindi Jumamosi. Mwanangu hunipigia simu Jumapili jioni sauti yake kama ya msichana wa darasa la saba. Sikatai, ni uzuri. Ila mimi na mama huyu tumekaa miaka thelathini na sita, na Jumamosi huja mara moja kwa wiki. Nieleze Jumanne.”

“Jumanne?”

“Jumanne. Unaamka saa ngapi, unakula nini, unasema na nani.”

Curtis akamtazama Kadii. Kadii hakumsaidia. Ghafla naye alitaka kujua, akashangaa kwamba miezi saba hakuwahi kuuliza.

“Naamka saa kumi na moja na nusu,” Curtis akaanza, akichagua maneno moja moja. “Joto. Bibi Lien, mwenye nyumba, anafagia chini. Namwamkia, anacheka, kwa sababu nasema lugha yao vibaya. Nakwenda pembeni, kuna mama anauza supu ya tambi. Kiti kidogo cha plastiki, magoti yanafika hapa.” Akajigusa kidevu. Mama Monicah akaguna kwa kicheko. “Hatusemi. Ananijua, ananipa. Nafundisha mpaka jioni. Narudi. Nafua mashati, naanika dirishani. Napika wali na mayai. Nakula nimesimama.”

“Kiti huna?”

“Kipo, Mzee.” Akafikiri. “Nikikaa, naona meza ya mtu mmoja.”



“Baadaye unasema na nani?”

“Jumanne? Hakuna. Dada yangu kule kwao ni asubuhi, yuko kazini.”

“Kumbe ndiyo maana ya hizo safari.”

“Ndiyo.” Curtis alisema bila kujificha. “Jumamosi chumba kina kimya sana. Naondoka kabla hakijaanza.”

Kadii akaelewa. Milima yote ile aliyosomewa ilikuwa milima ya mtu anayekimbia meza yake. Na alimpenda zaidi kwa kusema, na hapo hapo akapata hofu ambayo asubuhi hakuwa nayo.

“Mwanangu akiugua huko,” mzee akaendelea, “nani atanipigia simu?”

“Mimi.”

“Wewe ukiugua?”

“Yeye.”

“Mkiugua wote?”

“Bibi Lien. Nitampa namba yako.”

“Atasema nami lugha gani?”

“Atapiga ukelele tu,” Mama Monicah akasema. “Tutaelewa. Baba Kadii, muache mtoto apumue, ameloa.”

Mzee Gona akasimama. “Nimemsikia na hakunidanganya. Kibuyu kingine kiletwe siku nyingine, si leo, maana mlango haubishwi mara mbili siku moja. Jumanne natoka kazini saa tisa. Mtafuteni Mwaro wa Mambrui, aliyekuwa mwalimu. Huyo si wetu, na ana maneno.”

Jumanne. Shule ya Da Nang ingefunguliwa Jumatano. Asiyeingia darasani siku hiyo, nafasi yake hupewa mwingine, na barua ya kusema hivyo Curtis mwenyewe alimsomea Kadii juzi.

Wakatoka wawili, wakafuata tuta kati ya mabwawa. Maji yalikuwa ya waridi upande mmoja na ya maziwa upande wa pili, na upepo uliacha ladha ya chumvi midomoni. Curtis alitembea nyuma yake. Kadii akasimama, akageuka, wakawa karibu kiasi cha kusikia pumzi.

“Baba yako ni mtu mgumu,” akasema Curtis.

“Baba ameuliza swali ambalo mimi ndiye nilipaswa kuliuliza. Na sasa nauliza langu. Unanioa mimi, au unatafuta wa kuziba kimya?”

“Jibu zuri au la kweli?”

“Zuri nenda kamwambie Chengo.”

“Mwanzo, nilitaka mtu wa kwenda naye Jumamosi. Kweli. Halafu siku ile Marafa mvua ikatunyeshea, gari likakwama, tukakaa muda wa saa nne. Hatukuona chochote. Ulinuna. Ulikula njugu zangu zote. Mimi nilikuwa na furaha kuliko Kuruwitu.” Akamtazama usoni, macho hayakuyumba. “Nikajua si safari.”

“Nilinuna kwa sababu ulimwambia Chengo apite pale pale nilipokataza.”

“Najua. Ulisema mara sita.”

Kadii alicheka bila kutaka. Akakishika kidole cha Curtis, kile kile alichokidunga, akakibonyeza kidogo.

“Sikiza. Sikwambii ubaki. Kazi ni yako, miaka tisa si mchezo, na mimi si mwanamke wa kumfunga mtu kamba. Ukienda kesho sitakulaumu, wala sitakufuata. Jumanne nitaomba ruhusa kazini, saa tisa nitakuwa pale mkekani. Akija mtu na kibuyu, nitakuwepo. Asipokuja, nitakula chakula cha mama nirudi Kilifi. Nitaumia, lakini sitakufa.”

“Hutalia?”

“Nitalia. Natoa habari tu.”

Akamwachia kidole, akatangulia kurudi. Hakugeuka nyuma, ingawa shingo ilimuuma kwa kutogeuka.

Uani Mama Monicah alikuwa akichambua mchicha. Chengo alikuwa akimsaidia, kwa kuwa sasa ni mwana wa nyumba na hakuna aliyemwonea haya kumtuma. Curtis akafika, akainama mbele ya mama yule mpaka vichwa vyao vikawa sawa.

“Mama, mashati nafulia wapi?”

Mama Monicah akamtazama, kisha akamtazama bintiye. “Ya kuvaa kesho kwenye ndege?”

“Ya kuvaa Jumatatu na Jumanne. Nitakaa kwa Mzee, akikubali. Asubuhi nitamfuata kazini. Chengo atampeleka Kadii Kilifi.”

Mzee Gona alikuwa kizingitini. Alijikuna shingo.

“Huko mabwawani tunaingia saa kumi na moja na nusu,” akasema.

“Nimezoea.”

“Na chumvi hupasua miguu.”

“Nimeiona yako, Mzee.”

“Beseni liko nyuma ya jiko,” Mama Monicah akasema. “Usimwage maji njiani.”

Kadii akaingia ndani upesi, akasimama gizani penye magunia, akakaa huko mpaka uso wake ulipotulia. Kisha akatoka, akamwonyesha beseni.

Jumanne ilipofika, Mwaro alisema, na Mzee Gona akanywa mnazi. Nafasi ya Da Nang alipewa mwingine. Curtis alifundisha Kilifi mwaka mmoja na miezi miwili, wakaoana, ndipo akapata kazi mji mwingine wa huko Vietnam, mdogo, wenye wavuvi. Kadii alikaa huko miezi minane bila kazi na hakuipenda hata siku moja ya miezi hiyo. Kisha hospitali ndogo ikamchukua maabara. Harusini Chengo alilishwa upande wa bibi harusi. Probox aliiuza, sasa ana pikipiki mbili Gongoni na mke kutoka Tezo, na mshenga wake aliulizwa mbari kwanza. Mwaro alifariki mwaka uliofuata, akazikwa Mambrui. Mzee Gona alistaafu, mguu mmoja ulikatwa vidole viwili, anatembea. Mama Monicah alikwenda kuwatembelea kwa wiki sita, akarudi baada ya nne. Alisema watu ni wema lakini hakuna wa kugombana naye. Bibi Lien amepata mpangaji mwingine. Kadii na Curtis wana mtoto wa kike, na hugombana juu ya njia kila wanaposafiri. Dada yake Curtis alimpigia Kadii simu mwezi uliopita akamuuliza kama anajuta. Kadii akasema hapana, kisha akakata simu, kwa kuwa wali ulikuwa motoni.